Jina la Shangazi Kwenye Daftari

Jumatano ile, saa tatu na robo asubuhi, munganga alifungua daftari lake juu ya meza ya mwalimu, akaniambia niketi. Alikuwa muuguzi wa lopitali ya Kasongo. Alifika kijijini kwetu, upande wa Wamaza, kwa baiskeli, na alihitaji mtu anayejua kuandika. Mimi nilikuwa likizoni, mwaka wa pili wa shule kwa masista. Nilikubali kwa kuwa kuandika hakudai kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa ya matiti. Wanawake wasingemvulia munganga blauzi, basi alimleta mama mmoja aliyekatwa titi Kasongo akapona. Huyo alikaa nyuma ya pazia, akiwapapasa wenzake kama alivyofundishwa, akitafuta uvimbe. Akisema, naandika: hakuna, ao iko.

Lakini sisi tulizoea watu wa ugonjwa wa usingizi, wale wanaoshika tezi za shingo na kupiga muhuri kwenye fishi, kadi yako ya afya. Kwa hiyo wanawake walijipanga wamenyoosha shingo, fishi mkononi.

Shangazi, dada ya baba, ndiye aliyenilea. Alikuja akicheka.

“Shika haraka, mama. Mimi sisinzii hata padri akihubiri!”

“Leo si shingo,” yule mama akamwambia. “Ingia, fungua blauzi.”

“Kwa mikono yako? Wewe ulikatwa. Unataka unigawie yako?” Akanigeukia. “Muhuri niko nao. Mutoto, andika: hakuna.”

Kalamu niliishikilia juu ya daftari. Wiki mbili nyuma, nikimsugua mgongo mtoni, mkono wangu ulipita kando ya titi lake la kushoto, ukagusa kitu kigumu kama kokwa ya mchikichi. Alinikamata kiganja. “Hii ni ya nyumba. Si ya kusema.” Nilijua anaogopa kisu. Zaidi ya kisu, aliogopa kurudi kama yule mama, ambaye mume alimfukuza na majirani wakawa hawaketi naye mkeka mmoja.

Yule mama alipomwita mwingine nyuma ya pazia, nikaandika: hakuna.

Saa sita munganga akalifunga daftari kwenye baiskeli. Asingerudi mpaka mvua ziishe. Nilisimama nyuma yake. Alipopandisha mguu, nikashika kiti cha baiskeli.

“Nini tena?”

“Nimeandika uongo.”

“Juu ya nani?”

Niliomba daftari, nikafuta neno mbele ya jina la Shangazi, nikaandika iko, yeye akitazama.

Tulienda sisi watatu, pamoja na yule mama, tukamkuta Shangazi uani, anamenya mihogo. Alimwona munganga, kisha akaniona mimi nyuma yake.

“Umeniuza.”

Munganga alieleza kwamba si kila uvimbe ni kansere, na kwamba ukiwahi, dakitari anaweza kuutoa kabla haujasambaa. Shangazi aliendelea kumenya kama anayesikia mbuzi wa jirani. Ndipo yule mama akaketi chini, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye.

“Sikudanganyi,” akasema. “Mume alinifukuza. Mkono huu ulivimba, ukanisumbua, sasa unalima. Niko.”

Walimenya mihogo mitatu. Nilikuwa nahesabu kwa sababu sikujua nitazame wapi.

“Siku ya kisu,” Shangazi akauliza, “nani alikaa nawe?”

“Hakuna mutu.”

“Hata dada?”

“Hakuna. Siku yako nitakaa mimi.”

Shangazi akatupa muhogo ndani ya chungu, maji yakaturukia. “Sogea, unanizibia mwanga. Na utalala hapa. Katika jua kali hili mimi sitembei leo.”

Munganga akaondoka peke yake, bila kuuliza zaidi. Jioni nzima Shangazi hakunitupia hata neno la kunituma maji.

Asubuhi alitoka na kitenge chake cha sikukuu, akanipita mlangoni. Nilijitwika kikapu chake bila kuambiwa, nikamfuata yeye na yule mama hadi barabarani. Lori la kwenda Kasongo liliposimama, nilimpandishia kikapu juu. Alikipokea kwa mikono miwili, uso ameugeuzia upande wa pili.