Kitufe cha Ghali

Neno lenyewe ni ghairi. Mpaka lilipoleta shida nilikuwa nimelisikia redioni tu, na sikuwa na ugomvi nalo.

Kazi yangu ni kuchapia watu barua katika saiba moja hapa Kariobangi, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya mafundi wa kuchomelea mageti. Kompyuta zetu ni za zamani na zinatumia programu huria ya kuandikia, ile ambayo hakuna anayeiuza. Watu wa nchi nyingi huitengeneza kwa kujitolea. Wapo wanaoijenga yenyewe ndani, na tupo sisi tunaoandika Kiswahili cha vitufe vyake. Mimi niliishia kidato cha pili. Nilijiunga kwa sababu hakuna aliyeniuliza cheti, na kwa muda mrefu niliogopa kwamba siku moja wataniuliza.

Mwenye saiba hakuwahi kunikataza. Alikuwa akipita nyuma yangu anasema, "Kazi ya bure, na bado unaifanya umekunja uso."

Siku moja akaja mama anayeuza mboga ya sukuma karibu na stendi. Binti yake alikuwa anaolewa na alitaka kuandika maneno ya kusema harusini. Hakutaka nimwandikie. "Wewe nionyeshe tu, mami. Haya ni maneno ya tumbo langu." Akaandika kwa kidole kimoja, asubuhi nzima, huku mimi nikihangaika na printa iliyokwama karatasi. Kumbe mkono ukagusa alama ya kufunga. Kisanduku kikatokea kikimuuliza kama anataka kuhifadhi, na chini yake vitufe vitatu: Hifadhi, Usihifadhi, Ghairi.

Nilimsikia akisoma kwa sauti. Huyu mama ni wa Murang'a, na kwake ra na la ni ndugu wanaobadilishana nguo. Alisoma, "Ghali."

Nilipofika, maneno yalikuwa yameenda.

"Ulibonyeza nini, mama?"

"Hii ya katikati. Hii ingine imesema ni ya ghali. Na hii ya kuhifadhi, si ni kama stoo ya soko? Mzigo ukilala, unalipa. Nikachukua ile haina maneno mengi."

Ukiangalia vizuri, alichagua kwa akili. Alihitaji kile kitufe cha mwisho, ambacho kingemrudisha kwenye hotuba yake, na ndicho alichokikimbia kwanza. Akaanza upya, hakulalamika. Mimi ndiye nilienda nyumbani Pipeline na uchungu.

Nikaandika kwa kundi la watafsiri kwamba ghairi iondolewe, tuweke wacha. Aliyenijibu ni mwalimu mmoja wa Mombasa ambaye alianza kutafsiri programu hiyo kabla yangu. Alijibu kwa upole: "Dada yangu, kughairi si kuacha. Kughairi ni kubadili nia. Kwetu mtoto mdogo analijua." Akasema kongamano la programu huria linakuja Nairobi, watafsiri wa Kiswahili watakutana hapo, na mimi nilete hoja yangu mbele ya watu tuamue.

Nilitaka kushinda, siwezi kukataa. Lakini nilitaka kushinda kwa haki, kwa hivyo niliweka Wacha kwenye kompyuta moja pale saiba nikaangalia wateja. Wengine walielewa. Halafu jamaa mmoja anayetengeneza sufuria, alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi, akaliona hilo neno, akainuka, akavaa jaketi.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Zii. Imesema niwache, nikawacha."

Nikajua nitalazimika kulisema hilo pia, hata kama litaniangusha. Nikarudi kwa mama wa sukuma, nikamuuliza angetaka kile kitufe kiseme nini. Hakuacha kukata sukuma. "Kiseme rudi. Kwani mimi nilikuwa nataka nini? Kurudi kwa maneno yangu."

Kongamano lilikuwa kwenye ukumbi mmoja mjini. Walinipa beji ya kuvaa shingoni, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, na nusura niwaambie wamekosea mtu. Aliyenitangulia aliongea Kiingereza cha kasi, na watu wakamwelewa. Mimi pia nilikuwa nimekariri mwanzo wa Kiingereza, nikiurudia kwenye korido. Nilipofika mbele nikasema "Hamjambo", ukumbi ukajibu "Hatujambo", na kile Kiingereza sikukiona tena.

Basi nikaongea ninavyoongea. Niliposimulia kitufe cha ghali walicheka sana, nikaogopa wanamcheka mama. Nikangoja wanyamaze, nikawaeleza habari ya stoo ya soko, jinsi alivyofikiria kitufe kimoja kimoja. Hapo hawakucheka. Nikasimulia na yule wa jaketi, kwamba wacha yangu ilimtoa mtu kwenye kiti. Nikamalizia na rudi, nikasema limetoka kwa nani na anauza nini, bila kumtaja jina kwa sababu sikuwa nimemwomba ruhusa.

Mwalimu akasimama. Ni mtu mzima, mwembamba, ana kofia.

"Nimesafiri kuja kuipinga wacha," akasema, "na dada ameshaipinga mwenyewe. Sasa sijui nauli yangu nimdai nani."

Watu wakacheka, na mimi pia.

"Rudi naikubali, hapo kwenye swali la kufunga. Lakini mtu anapochapisha, akitaka kukatiza, arudi wapi? Karatasi ishaanza kutoka."

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo, mimi ambaye printa ndiyo mtoto wangu wa kulea. Nikasema mbele ya wote kwamba amesema kweli. Tukazungumza, wengine wakachangia, tukakubaliana: kwenye swali la kufunga iwe Rudi, kwenye kuchapisha iwe Sitisha.

"Na ghairi?" nikauliza. Nilikuwa nimeanza kuihurumia.

"Ghairi imeghairi," akasema Mwalimu, akaketi.

Wakati wa chai alinijia na kikombe. "Kiswahili chako cha wapi, dada?"

"Cha Pipeline, Mwalimu."

"Kina pumzi fupi."

"Ghorofa ni nyingi na lifti hakuna."

Jioni nilirudi nyumbani bila kuvua beji. Siwezi kusema nilisahau. Jirani alikuwa anaanua nguo kwenye ngazi, akaisoma.

"Umepata kazi ya benki?"

"Hapana."

"Sasa hiyo ni ya nini?"

"Ya neno," nikamwambia. Akaniangalia, akaendelea na nguo zake.

Toleo jipya lilipotoka nililiweka kwenye kompyuta zote za saiba. Mwenye saiba alisoma orodha ya waliojitolea, akakuta jina langu, akaita mafundi wa mageti waje waone. Hakusema kitu kuhusu uso wangu siku hiyo.

Mama wa sukuma alirudi wakati mjukuu wake anabatizwa. Aliandika kwa kidole kilekile. Nilikuwa upande wa pili nikimfungia mteja bahasha, nikaona kisanduku kimemtokea tena. Nilitaka kukimbia. Nikajizuia. Alisogeza uso karibu na skrini, akasoma midomo ikicheza, akabonyeza, na maneno yake yakabaki pale pale.

Akanigeukia. "Mami, ile ya ghali iko wapi?"

"Imetolewa, mama."

"Mlipunguza bei?"

"Tulipunguza," nikasema.

"Afadhali," akasema, akaendelea kuandika.