Uzi wa Muuza Magauni

Harufu ya kitambaa kipya hunirudisha Tabora, kwenye duka la magauni ya kike. Muuzaji alikuwa mwanamume, na watu walisema mwanamume wa kazi ile hana lingine ila kuwinda wake za watu.

Mama alipokwenda kupimwa gauni la Pasaka, nilikuwepo. Muuzaji alimpa uzi wa kupimia, akageukia ukuta. Mama akajizungushia mwenyewe kiunoni, akafunga fundo, akamrudishia, naye akautundika msumarini.

Jioni baba akaniuliza, "Yule bwana alimshika mama yako?"

Nilimwogopa baba. Nikainamisha kichwa.

"Mtoto wa kike akinyamaza, ameona," akasema, akachukua rungu, akatoka.

Asubuhi duka lilikuwa wazi, halina mtu, damu sakafuni. Uzi ulikuwa bado msumarini, na fundo la mama halijafunguliwa.