Kaburi la Mgomba

Mzee niliyekuwa nikimtunza huko Greenbelt, Amerika, nilimchukia tangu wiki ya kwanza, na yeye hakunipenda. Aliniita "msichana" ilhali nilikuwa na watoto watatu. Uji ukipoa kidogo tu, aliusukuma ukamwagika mezani. Ukutani alitundika picha ya nyambizi aliyokuwa ndani yake katika vita vya Pasifiki, na chini yake bendera ndogo, moja kwa kila meli waliyoizamisha. Aliwaonyesha wageni bendera hizo jinsi wengine wanavyoonyesha picha za wajukuu. Kuzipangusa vumbi ilikuwa kazi yangu.

Babu yangu alizama katika vita hivyohivyo. Alichukuliwa kwetu magharibi mwa Kenya, akavalishwa buti, akapakiwa melini kwenda Burma, na nyambizi ikaipiga meli. Nyambizi hiyo ilikuwa ya Wajapani, si ya mzee huyu. Hilo nililijua vizuri, na bado sikumsamehe.

Kwetu mtu akipotea bila maiti kupatikana, shina la mgomba huzikwa badala yake, matanga yakaisha. Nyanya alikataa. Zaidi ya miaka hamsini alishikilia kwamba watu wa nyambizi walimwokota mumewe wakamfanya mfungwa. Sasa alikuwa mgonjwa sana, na wanawe walitaka kumzika baba yao kabla mama hajafa, ili wawili hao walale pamoja. Baba mdogo akanipigia simu.

"Si wewe unafanya job kwa huyo mzee wa submarine? Muulize kama walikuwa wanaokota watu. Sisi Mama hatusikii kabisa. Labda wewe wa Amerika atakusikia."

Nilimuuliza mzee nikiwa namkata kucha za miguu. Alicheka.

"Tungewaweka wapi? Sisi wenyewe tulilala kwa zamu, kitanda kimoja watu wawili."

"Kwa hiyo mliwaacha majini."

"Ilikuwa vita, msichana."

"Hata wakipiga kelele?"

Akauvuta mguu wake. "Mara nyingine tuliokota mmoja, wa kuhojiwa. Wengine tuliwaacha." Kisha akaniambia maji ya beseni yamepoa na mimi ni mzembe.

Nilitamani kummwagia yale maji kichwani. Nikaenda kuyabadilisha, kazi ni kazi, nikamaliza kucha zilizobaki.

Jumapili nyanya alipelekwa mjini kwa baba mdogo, penye simu. Nilimweleza polepole: ndani hamkuwa na nafasi, watu waliachwa baharini, na kama Wamarekani walifanya hivyo, sembuse Wajapani. Sikutaka kumficha hata neno moja, kwa maana familia nzima ilinitegemea mimi nimwambie ukweli. Kwa hiyo nikamwambia na lile la mtu wa kuhojiwa.



"Walichukua mmoja?" akauliza.

"Mara nyingine tu, nyanya. Mmoja peke yake."

"Ndiye huyo," akasema. "Babu yako alijua kuongea na watu."

Nikamsikia akiwageukia wanawe, sauti imepata nguvu ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, akiwaamrisha waweke panga chini, kwamba hakuna atakayekata mgomba bomani kwake na mumewe yu hai.