Mgema Mwenye Kitambaa Chekundu

Kabla yangu, upande wetu wa Kikoneni haukuwa na mtu mwenye diploma ya uchoraji na uchapaji. Jambo hilo linajulikana, na wanaolikanusha wanalikanusha kwa wivu. Wenzangu walipomaliza shule walishuka Diani kuosha vyombo katika hoteli. Mimi pia niliosha, lakini mwenzao nilikuwa naosha na kuweka karo. Hakuna aliyeniuzia mbuzi wala aliyenitafutia nafasi kwa mkubwa fulani. Nilipanda Nairobi kwa miguu yangu, nikasoma, nikafuzu, nikaajiriwa kwa mpiga chapa mmoja, na kwa miaka kadhaa mabango mengi yaliyobandikwa mjini yalipita kwenye vidole hivi.

Niliporudi Ukunda, mwaka uliofuata zile vurugu, nilirudi na maboksi. Ndani ya maboksi kulikuwa na kitabu changu. Hakikuwa katuni za kuchekesha za nyuma ya gazeti. Kilikuwa kitabu kizima, hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, imesimuliwa kwa picha, ya shujaa mwenye nguvu zisizo za kibinadamu. Vijana walikuwa wakiwasoma mashujaa kama hao kutoka ng'ambo, wenye majoho na nguo za kubana, wanaoruka juu ya maghorofa. Mimi nikasema wa kwetu ataruka juu ya minazi.

Shujaa wangu alikuwa mgema. Yuko juu ya mnazi akigema, mvua zile kubwa za El Nino zinanyesha, radi inampiga. Badala ya kufa anashuka akiwa mtu mwingine. Akiruka, anatoka Msambweni anatua Waa. Akipigwa risasi, risasi zinageuka maji na kumtiririka kifuani. Matajiri wanaonyakua mashamba ya watu wanatuma majahili kuchoma nyumba, na yeye anatoka msituni kuwashughulikia. Jalada lilimwonyesha akichomoza kichakani, mwezi mgongoni, kifua wazi, kisu cha kugemea mkononi, kitambaa chekundu kichwani.

Rangi ile niliichagua kwa akili. Mtambo niliokubaliwa kuutumia baada ya saa za kazi ulikuwa wa rangi mbili: nyeusi, na nyingine moja ya kuchagua. Nikachagua nyekundu, kwa sababu nyekundu huonekana kutoka mbali. Jambo hilo hufundishwa mwaka wa kwanza. Kitabu kizima hakikuwa na rangi nyingine ila kitambaa hicho na moto.

Pale Ukunda, karibu na stendi, palikuwa na duka la vitabu na kalamu la binamu yake mama, mzee wa Msambweni niliyemwita mjomba. Duka lilikuwa na dirisha kubwa la kioo upande wa barabara, na nje yake baraza ya saruji walikokaa watu kusoma gazeti bila kununua. Mmoja husoma kwa sauti, wengine hutazama picha na kubisha. Mjomba alizifungua kurasa za kitabu changu taratibu, akakohoa.

"Mwanangu, mimi mambo haya ya kuruka siyajui," akasema. "Nitakuwekea dirishani mpaka Idi. Watu wakikitaka, dirisha ni lako, na hiyo sehemu ya pili unayoizungumzia tutaichapisha pamoja. Kikiniletea maneno, utabeba maboksi yako."

Nilikubali papo hapo. Nilikuwa nimeacha kazi Nairobi kwa ajili ya dirisha kama lile, na sikuwa na shaka. Nani angekikataa?

Wa kwanza kukichukua alikuwa mhudumu wa hoteli moja ya Diani. Hoteli ilikuwa tupu, maana wageni walikimbia vurugu na hawakurudi, naye alikuwa akishinda barazani kwa mjomba na viatu vyake vya kazi vilivyong'arishwa. Alisoma huku akipiga mluzi.

"Kaka, mkono unao," akaniambia. "Wallahi mkono unao. Lakini huyu mgema wako anapanda mnazi na mabuti?"

"Ni shujaa."

"Ni shujaa wa kuvunjika kiuno. Mvue mabuti, bwana, watu watakucheka."

Walikuwa wameanza kucheka tayari. Nilimweleza kwamba mabuti humpa mtu uzito katika picha, miguu mitupu humfanya aonekane mnyonge. Akaniuliza ni mnazi gani huo unaotaka uzito. Huyo ndiye alikuwa shabiki wangu mkubwa.

Siku chache baadaye akaja ustadhi, mwalimu wa madrasa kutoka Waa, mtu wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa ulimi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akaomba aonyeshwe "hicho kitabu cha mwenye diploma".

"Pwani yote hii, mwanangu," akasema, "ina wakulima, ina maseremala, ina watu wanaoamka alfajiri kumwomba Mola wao. Wewe shujaa ukaenda kumtafuta kwa watu wa tembo?"

"Ustadhi, hanywi. Anagema tu."

"Na mwizi wa kuku naye hali. Anakamata tu."

Baraza ikavunjika mbavu. Mjomba aliinua macho kutoka kwenye hesabu zake na kunitazama kwa namna ya kusema maneno yameanza. Mimi sikuchekeshwa. Nilikuwa nimekwisha kugundua ugonjwa wa wasomaji wetu: hukishika kitabu kama mnunuzi anavyolishika embe, kwa kutafuta palipooza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepita kurasa za kwanza kumi.

Ustadhi alikuwa bado hapo alipoingia yule mama. Alikuwa mtu wa bara, mkulima wa mashamba ya makazi kule juu Shimba Hills, na sokoni Ukunda aliuza maharagwe. Alikuja kununulia watoto penseli. Mle dukani watu wa bara na wenyeji walikuwa wakipishana kimya tangu vurugu. Kwa asiyezijua, watu wenye silaha walitoka misituni usiku, wakachoma nyumba na vibanda vya watu wa bara, wakaua. Kisha askari wakaja, wakaingia nyumba za wenyeji na kuchukua vijana, mwenye kosa na asiye na kosa. Mimi nilizisoma habari hizo gazetini, Nairobi.

Mama hakuuliza penseli. Alisimama mbele ya dirisha upande wa ndani, akakichomoa kitabu.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, mama. Nimekiandika na kukichora mwenyewe."

"Huyu mtu mimi najua."

Nikacheka. "Huyo hayupo, mama. Nimembuni."

"Yupo. Alikuja kwangu. Hata hiyo kitambaa alifunga hivyo hivyo, fundo mbele. Mimi nilikuwa kwa mahindi na watoto, tumelala chini, namwangalia akipita."

Nilijaribu kumfahamisha. Nikamwambia huyu ni mwema, afungue mbele ataona anavyookoa watu.

"Na mimi ningejua aje?" akasema. "Ningetoka kwa mahindi nimuulize, wewe ni ule mwema ama ni ule mwingine?"

"Mama, kitabu husomwa mpaka mwisho ndipo kikahukumiwa. Wewe umetazama jalada tu."

"Mimi sijaitazama. Ni yeye ananitazama."

Akakiweka juu ya meza kifudifudi. Ndipo ustadhi aliponyoosha mkono akakichukua, na safari hii hakutania. Alikifungua pale penye risasi.

"Risasi zinageuka maji," akasema.

"Ndiyo, ustadhi."

"Hili umelitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu. Hadithi za zamani."

"Vijana wa kwetu Waa nao waliambiwa na mtu. Hazikugeuka." Akafunga kitabu. "Na kitambaa hiki, bwana, askari walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba, kila mwenye kipande cha rangi hii alikitia jikoni. Mke wangu alichoma pazia. Wewe umekuja kukitundika dirishani, barabarani, kila askari akione. Unataka tupangwe mstari tena?"

Mama akamtazama ustadhi. Sidhani kama wawili wale walikuwa wamewahi kusemezana.

"Hata wewe hutaki hii?" akamuuliza.

"Sitaki, mama."

"Ndiyo umuambie. Mimi ni mgeni, hawezi nisikia."

Wakakubaliana. Watu waliokuwa hawapeani hata salamu walikubaliana mbele yangu juu ya jambo moja, kwamba mimi sina akili. Niliwajibu, na sikuwajibu kwa upole. Niliwaambia hawajui kusoma picha, kwamba mwezi mgongoni maana yake ni tumaini, kwamba kitambaa ni alama ya ushujaa dunia nzima, kwamba nimelisomea jambo hili na wao hawakulisomea. Mhudumu alinivuta shati kutoka nyuma. "Kaka, wachia hapo," akaninong'oneza. Sikuachia. Wakati ninamaliza, mama alikuwa amekwisha kwenda bila penseli zake.

Mjomba alingoja mpaka duka likawa tupu.

"Kipake kijani," akasema. "Hicho kitambaa. Nami nitawaambia watu umekibadilisha."

"Kijani, mjomba? Mgema avae kilemba cha shehe?"

"Basi mvue kabisa."

"Nikimvua hana tofauti na mgema yeyote."

"Na ana ubaya gani mgema yeyote?"

Sikulijibu swali hilo, kwa sababu si swali la uchoraji. Nikamwambia kitabu kitabaki kama kilivyo. Mjomba hakuninung'unikia. Alitoa nakala zote dirishani, moja moja, akapanga madaftari mahali pake. Idi ilikuwa bado mbali. Mhudumu alikodi mkokoteni, tukayasukuma maboksi hadi chumba changu nyuma ya soko, na njia nzima alikuwa akinipa moyo.

"Mimi bado nakipenda," akasema tulipokuwa tukiyapanga ukutani. "Ila mabuti."

Nilirudia kuandika vibao vya maduka kwa brashi, kazi niliyokuwa naifanya kabla ya kupanda Nairobi. Nilipita sokoni kila siku na sikumtazama mtu. Siku moja yule mama akaniita kutoka nyuma ya maharagwe yake.

"Wewe kijana wa kitabu! Leta moja."

"Ya nini? Ya kuwashia moto?"

"Si ulisema isomwe mpaka mwisho?"

Nilimletea. Alikifunga kwa gazeti hapo hapo, jalada lisionekane na watoto, akakitia chini ya gunia. Sikutarajia kukiona tena. Alikaa nacho muda mrefu, hata nikasahau, kisha asubuhi moja akanirudishia, kingali na gazeti lake.

"Nimesoma yote," akasema. "Mpaka pale anawatupa baharini."

"Ehe?"

"Anapigana vizuri. Lakini anafika nyumba ikishaungua. Angalia wewe mwenyewe. Kila mahali anafika ikishaungua. Kwani yeye hungoja moto ndio ajue njia?"

Nikamweleza kwamba bila moto hadithi haianzi. Shujaa ni lazima awe na sababu ya kutoka, msomaji akasirike kwanza, ndipo aje wa kumtuliza. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo vinavyojengwa vitabu vyote vya aina hiyo.

"Hiyo ni ya shule yako," akasema, akianza kumpimia mteja maharagwe. "Mimi nimekuambia yangu."

Sikumkubalia. Hata leo sisemi kwamba alikuwa na haki. Nasema alikuwa amesoma. Katika Ukunda nzima, pamoja na wale waliocheka na wale waliokemea, yeye peke yake alifika ukurasa wa mwisho, na akaniambia jambo lililokuwa ndani ya kitabu changu, si jalada wala mabuti.

Dirisha la mjomba sikulipata. Nilijijengea langu. Kutoka vibao vya maduka nikaingia kadi za harusi, kutoka kadi nikaingia mabango ya hoteli wageni walipoanza kurudi, na kabla ya miaka ile ya tisini kwisha nilikuwa na karakana yenye kioo mbele, kikubwa kuliko chake. Hakuna aliyenishika mkono. Sehemu ya pili niliichora humo humo, nikaichapa mwenyewe, wino mweusi na mwekundu kama ile ya kwanza.

Kitambaa sikukivua. Siku ya kuitoa, sikuweka jalada dirishani. Niliifungua ukurasa wa kwanza nikaibandika kwenye kioo, watu wauone kutoka barabarani: shamba la mahindi, nyumba ingali nzima na paa lake la makuti, mchana kweupe, na mlangoni mtu amesimama anapiga hodi, kitambaa kimefungwa kiunoni kama cha kujifutia jasho, miguu mitupu.

Mhudumu alipita, akanyooshea kidole ile miguu mitupu na kupiga kelele hadi watu wakageuka. Ustadhi alipita, akatazama, akaenda zake. Mama alikuja jioni na karai lake kichwani. Alisimama mbele ya kioo kwa muda, karai halikutikisika. Nilikuwa ndani nikimwona. Hakuingia, nami sikumwita. Alipomaliza kutazama alibadilisha mkono wa kushikia karai, akashika njia ya kwao.