Maji ya Chemchemi ya Juu

Nilipokuwa mtoto huko Buger, Jumatano moja ya Julai 1976, saa nne asubuhi, nilichota maji mahali nilipokatazwa. Tangu siku ile mama yangu hakupokea tena kikombe mkononi mwangu.

Mwezi mmoja kabla, mama alikuwa amejifungua mtoto aliyekwisha kufa. Kwa desturi yetu Wairaqw, nyumba ya namna hiyo iliingia meta, yaani ilitengwa. Hakuna aliyekanyaga uani kwetu. Ng'ombe wetu walichungwa peke yao, na maji tulichota chini kabisa, ambako mifugo ya kijiji kizima ilikwisha kuyakoroga. Bibi, mama yake baba, alinionya: chemchemi ya juu ina mwenyewe, na ukimchafulia atadai mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Theresia, wa miaka minne, alikuwa akiharisha siku ya tatu. Kila nilipomnywesha yale ya tope aligeuza uso.

"Dada, haya yananuka ng'ombe. Niletee ya watu."

Nilichukua kibuyu nikapanda.

Jirani yetu Mama Tluway alinikuta nimeinama. Hakunisogelea. Alisimama mbali, akaokota jiwe.

"We mtoto wa meta, nani kakutuma?"

"Theresia anaumwa, mama."

"Na wangu wakiumwa, utawazika wewe?"

Jiwe lilinipata begani. Nilikimbia, lakini kibuyu sikukiachia.

Theresia alikunywa, akasema yamepoa vizuri. Akafa kabla jua halijazama. Baba alichimba kaburi peke yake. Mama Tluway alisimama ng'ambo ya ua wa miiba, akapaza sauti: "Si mliyataka ya juu? Basi yamelipiwa."

Mama alinitazama tu.

Nilipokua, shuleni tulifundishwa habari za maji machafu. Nilimweleza mama kwamba yaliyomuua Theresia ni ya chini, tuliyoamriwa kunywa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka akajichotea mwenyewe mtungini. Kila Jumapili tuliketi benchi moja kanisani, tukapeana amani. Kikombe changu alikikataa vilevile.

Mwezi uliopita, akiwa kitandani na macho yake hayaoni tena, aliomba maji. Nilimpelekea.

"Nani kachota?"

"Mjukuu wako, Neema."

Alikunywa yote. Akasema, "Asante, Neema, mwanangu." Kesho yake asubuhi akafariki.

Uongo ule nimeuungama. Padri alisema ni dhambi ndogo, na huenda ni kweli. Lakini ile asante ilikuwa yangu, na ilikwenda kwa mtu mwingine.

Ee Bwana, mpokee Theresia. Mpokee na Mama Tluway, aliyetangulia zamani, ambaye jina lake nimechelewa kulitaja mbele zako. Mpokee mama yangu. Na akikuuliza ni nani aliyemchotea maji yale ya mwisho, mwambie wewe, Bwana, maana mimi niliogopa. Amina.