Wifi Yangu, Injini ya Klabu

Wifi yangu anatengeneza meno. Si daktari, na ukimwita daktari atakusahihisha palepale. Yeye ni fundi, yule ambaye mgonjwa hamwoni. Daktari anachukua umbo la fizi zako, analipeleka kwenye chumba kidogo cha nyuma, na wifi anajifungia humo na plasta, nta na taa ya mezani mpaka yatoke meno ambayo hata jirani yako atadhani umezaliwa nayo. Ukila naye meza moja utajikuta unatafuna kwa adabu. Hasemi kitu, lakini unajua anakusoma mdomo.

Hayo ni ya kazini. Nje ya kazi wifi ana ugonjwa mwingine, na ugonjwa wenyewe unaitwa michezo mitatu: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, na mwisho wake unapewa ndizi na chupa ya maji. Mimi mazoezi yangu ni kupanda ngazi lifti ikiharibika, na hata hapo napumzika katikati. Yeye alfajiri ameshaloa jasho, mchana yuko kwenye meno ya watu, jioni yuko bwawani. Klabuni wanamwita Injini, kwa sababu kwenye mazoezi ya baiskeli ndiye anayetangulia na wote wanamfuata.

Kocha wa klabu hiyo ni mume wake, yaani kaka yangu wa tumbo moja. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani natetea ukoo. Kaka ni mtu wa watu. Tangu utotoni alikuwa anaweza kuvunja glasi, na wewe ndiye unayeomba radhi. Kazi yake ni kufundisha udereva. Anakaa kando ya mwanafunzi akitabasamu, mwanafunzi anajiona ndiye anayeendesha, kumbe breki nyingine iko chini ya mguu wa mwalimu. Nadhani kazi hiyo imemwingia mwilini.

Klabu yao hupeleka mwanamke mmoja tu kwenye mashindano makubwa ya katikati ya msimu, na wifi alikuwa akiitamani nafasi hiyo miaka nenda miaka rudi. Msimu mmoja bega lilimsumbua. Msimu uliofuata mama yetu alivunjika nyonga, na aliyemnyanyua, akamwogesha na kumlisha ni wifi, si mimi wala kaka. Baiskeli ikala vumbi ukumbini mpaka watoto wakaanza kuanikia soksi juu yake. Mwaka huu amevuka arobaini, na wanaomfuata nyuma ni wasichana wenye mapafu mapya.

"Wifi, ni mwaka huu au basi tena," aliniambia siku moja tunakunja nguo. "Wala sitaki kushinda. Nataka nisimame kwenye ule mstari na wenzangu, niitwe jina langu."

Mimi ni mtu wa mzaha, lakini siku hiyo niliendelea tu kukunja nguo. Nilimwona anavyoitaka, nikamwonea huruma kidogo, kama unavyomwonea mtu anayependa kitu kinachoweza kumponyoka.

Aliyekuwa akiigombea nafasi hiyo pamoja naye ni mfamasia mmoja, msichana mpole mwenye miguu mirefu. Alipojiunga na klabu alikuwa anajua kukimbia tu, majini alizama kama kijiko. Wifi ndiye aliyemfundisha kuogelea. Alimshika tumbo juu ya maji kama anavyoshikwa mtoto, wiki baada ya wiki, mpaka siku alipomwachia na yeye akaelea bila kujua. Tangu hapo ikawa dada hiki, dada kile. Jumapili anakula nasi nyumbani kwa kaka, watoto wa wifi wanamwita mama mdogo.

Nafasi iliamuliwa kwa mbio mbili za mwanzo wa msimu, moja ya miguu na nyingine ya baiskeli. Ukiwashinda wenzako katika zote mbili, umepita. Mkigawana, ya baiskeli ndiyo inayoamua. Kwenye mbio za miguu mfamasia alimwacha wifi mbali, na wifi akafika akihema na kucheka. Hakuwa na wasiwasi. Baiskeli ilikuwa yake, na kila mtu klabuni alijua hivyo, kaka akiwa wa kwanza.

Sasa hapa nieleze jambo moja, maana mimi mwenyewe nilieleweshwa kwa kuchorewa. Kwenye baiskeli kinachokumaliza zaidi ni upepo. Anayetangulia anaukata kwa kifua chake, na anayejibana nyuma ya gurudumu lake hapati upepo, anakanyaga huku amepumzika. Katika michezo mitatu wanayocheza wao, kujificha hivyo ni marufuku. Katika mbio za baiskeli peke yake ni ruksa, na waendeshaji wenye akili hupokezana, wewe mbele kidogo, mimi mbele kidogo. Watu wa michezo mitatu kupokezana hawajui. Wamezoea kula upepo peke yao mpaka wanaona ni heshima. Mweke mmoja wao mbele na hatauliza kwa nini yuko mbele.

Asubuhi ya mbio za baiskeli nilikuwa nambandika wifi namba mgongoni kwa pini. Alikuwa na furaha ya kitoto.

"Baba watoto amepanga kila kitu," alininong'oneza. "Mdogo wangu wa famasi atakaa nyuma ya gurudumu langu njia nzima, ili wale wa klabu nyingine wasipate pa kujificha. Tukifika kilima cha mwisho ataniachia niende."

"Yaani amekubali kukupa nafasi?"

"Amekubali."

"Na wewe umeongea naye?"

"Hapana. Baba watoto kanikataza kabisa. Anasema imemuuma kuiacha, nikimshukuru sasa hivi atalia na mbio ziharibike. Nitamshukuru tukimaliza."

Nilimaliza kubandika pini. Ilisikika kama kitu kizuri, na mtu akiwa na furaha namna ile huanzi kumchokonoa.

Nilisimama juu ya kilima cha mwisho, karibu na mstari wa kumalizia, na taulo na chupa ya maji. Upepo siku hiyo ulikuwa wa kuondoa kofia. Walipotokea kwenye kona kule chini nilimtambua wifi kwa mabega. Alikuwa mbele peke yake, kichwa chini, mdomo wazi, anakata ule upepo kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Nyuma yake, gurudumu kwa gurudumu, mfamasia. Wengine walikuwa mbali huko nyuma. Nikaanza kupiga vigelegele.

Katikati ya kilima mfamasia akatoka pembeni na kumpita.

Hakumpita kwa shari. Alimpita huku ananyoosha mkono na kumgusa mgongoni, kama anayesema ahsante. Wifi aliinua uso, na ule uso ninao mpaka leo. Hakuelewa. Alidhani labda mwenzake amekosea, labda atasubiri. Kisha akasimama juu ya pedali avute, na miguu ikakataa. Upepo wa njia nzima ulikuwa umeshaimaliza. Alipanda vile vile, polepole, akamaliza wa pili.

Mfamasia aliitupa baiskeli yake nyasini, akamkimbilia na kumkumbatia, machozi yanamtiririka.

"Dada, mimi sijui nikushukuru vipi," alisema. "Kocha aliponiambia umeamua kuniachia nafasi yako na utanivuta njia nzima, nililia dukani mpaka wateja wakaniuliza nimefiwa. Akasema nisikutajie hilo neno, utaona haya. Nimevumilia! Dada, una moyo gani wewe?"

Wifi alikuwa bado hajashuka. Mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali.

"Alikwambia lini?" aliuliza.

"Wiki iliyopita, ile Jumatatu aliyokuja kununua dawa ya kuchua."

Dawa ya kuchua. Nilikuwepo nyumbani kwao jioni ile. Kaka alimchua mkewe miguu kwa mikono yake mbele ya televisheni, akimwambia miguu hii mwaka huu itatushangaza.

Kaka akatokea na koti la joto mkononi, tabasamu lake limetangulia. Alipoona nyuso zetu, likamkauka. Lakini hata hapo hakuangalia chini, alimwangalia mfamasia kwanza, kama mtu anayetaka kujua ameongea kiasi gani.

"Mke wangu, umechoka. Tutaongea nyumbani."

"Uliniuliza lini?" alisema wifi.

"Tutaongea nyum—"

"Nakuuliza. Siku gani ulikaa ukaniuliza kama nitamwachia?"

Kaka akamvisha lile koti mabegani. Wifi akaliacha lianguke.

"Ningekuuliza ungekataa," kaka alisema.

"Ndiyo. Ningekataa."

"Sikiliza. Huyu ana miaka kumi mbele yake, huko kwenye mashindano anaweza kufanya kitu, klabu ikajulikana. Wewe ungefika tu. Na peke yake kwenye ule upepo asingekushinda. Sasa ningefanyaje? Sikutaka kukuumiza. Nilijua wewe moyo wako ni mkubwa, ukishaona matokeo utaelewa."

Yaani mtu anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu anakusifu ngozi. Nilitamani kumrushia ile chupa ya maji. Nikamrushia. Ilimpata begani, na wala hakugeuka, alijua inatoka wapi.

Mfamasia alikuwa ameziba mdomo kwa glavu zake. "Dada, hukujua? Wallahi mimi nilidhani..."

Wifi hakupiga kelele. Alishuka kwenye baiskeli, akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayomwambia nayo daktari kwamba meno yatakuwa tayari Alhamisi:

"Ungekuwa unamtaka huyu binti, ningejua pa kugombana. Afadhali ingekuwa hivyo. Wewe umenifanya punda, tena mzigo umenifunga huku unanichua miguu."

Mfamasia alisema ataiacha nafasi, atakwenda kwa viongozi siku hiyohiyo. Wifi akamwambia asithubutu. "Umepita mstari kabla yangu, na mimi nimekuona. Wewe hukunidanganya. Nenda." Akakokota baiskeli mpaka kwenye gari langu, nikaondoka naye. Alipofika kwangu aliomba maji ya kuoga, na humo bafuni ndimo nilimomsikia akilia.

Mfamasia alikwenda kwenye mashindano makubwa na akafanya vizuri tu, si haba. Kaka alipata ile sifa aliyoitaka, picha yake imebandikwa ukutani klabuni. Lakini Jumapili zake mezani kwetu msichana yule aliziacha. Wifi hakumfukuza, ila nadhani kila akimwona wifi anaanza kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na hilo linachosha pande zote. Bwawani wanapishana, salamu na njia yako. Urafiki ule ulikuwa mzuri, na kaka aliutumia kama kamba ya kuvutia gari.

Watu huniuliza kama wameachana. Hawajaachana. Wifi si mtu wa vishindo, ana watoto, ana kazi yake, na kaka ameomba msamaha kwa kila lugha anayoijua, akatuma wazee, akanituma na mimi, nikakataa kutumwa. Wifi alimwambia amesamehe. Wanacheka mezani, wanagombania rimoti, wanalala chumba kimoja. Ukiwatembelea utasema yameisha.

Juzi nilikuwa nimekaa nao sebuleni baada ya chakula. Kaka akatoka jikoni akijifuta mikono, akaketi.

"Jiko nimezima," alisema.

Wifi alikuwa katikati ya hadithi, ananisimulia mzee mmoja aliyemwomba daktari atengenezewe meno yenye pengo lake la ujanani ili mkewe asimsahau. Alikuwa anacheka. Bila kuacha kusimulia, bila hata kumtazama mumewe, aliinuka, akaenda jikoni, nikasikia anajaribu swichi za jiko moja baada ya nyingine. Kisha akarudi, akakaa, akaendelea na hadithi pale alipoiachia.

Jiko lilikuwa limezimwa. Kaka alikuwa ameinamia mikono yake, na nikaelewa kwamba si mara ya kwanza.