Baba Alipoisafisha Kompyuta

Baba yangu ni mtu wa usafi. Miaka yote aliyofanya kazi maghalani Shimanzi, shati lake lilirudi nyumbani jeupe vile vile. Kwa hivyo kompyuta yake ilipoanza kujikokota, na tangazo likamtokea kuwa rejista imejaa uchafu na yaweza kusafishwa bure, hakusita. Akapakua programu ile, akabonyeza.

Alinipigia simu kazini, Mbaraki.

"Mwanangu, sauti ya mamako imepotea."

Mama alifariki mwaka juzi. Alikuwa akiimba harusini, na Baba alikuwa amemrekodi nyimbo kadhaa kwenye kompyuta hiyo. Kila siku baada ya Alasiri hujimiminia kahawa, akamsikiliza.

Nilimkuta ameinama mbele ya skrini.

"Nimemfuta kwa mkono wangu," akasema.

"La, Baba. Hebu tazama." Nikamfungulia: nyimbo zote zilikuwapo. Ila kompyuta ilikuwa haizitambui tena spika zake.

Nikamweleza kwamba rejista ni mahali kompyuta inapoweka kumbukumbu za mipangilio na programu zake. Mabaki yanayosalia mle ni madogo mno, hayaipunguzii kasi. Kuyafuta hakuna faida ya maana, na likifutwa lisilopaswa kufutwa, kitu huacha kufanya kazi.

"Mbona walisema ina makosa tele?"

"Wanataka uogope, Baba, kisha ununue ile ya kulipia."

Bahati nzuri, kompyuta ilikuwa imejiwekea nakala ya mipangilio yake ya awali. Nikairudisha ilivyokuwa, nikaiondoa programu ile. Uzito wenyewe ulitokana na programu chungu nzima zilizokuwa zikijiwasha pamoja kila anapoifungua, nikazizima zisizohitajika. Nyimbo nikazinakili kwenye flashi, maana roho yangu pia ilikuwa imeshtuka.

Kisha nikabonyeza wimbo mmoja. Mama akakohoa, akacheka, akaanza.

Baba akasogea kunipa nafasi. Nilikuwa nimesahau kwamba mwishoni, kabla ya kukatika, Mama huuliza, "Haya, yatosha?"

"Bado, bibi," Baba akamjibu taratibu, kama kwamba yuko chumba cha pili. "Ongeza mmoja."

Nikamwekea mwingine.